Meza Iliyotazama Dirisha

Vuta kiti ukae, wewe uliyekabidhiwa watu juzi na hujui uanzie wapi. Naijua hali hiyo. Umepewa ufunguo wa ofisi, umepewa meza, watu wameanza kukuita bosi, na ndani yako unajiuliza kama wanaona jinsi unavyotetemeka. Usiogope. Karibu kila mtu anayeongoza vizuri alianza hivyo. Vijana ninaowafundisha kazi hupenda kuniuliza, "Madam, falsafa yako ya uongozi ni gani?" Kisha hukaa na kalamu tayari, wakingoja sentensi moja nzuri ya kuandika. Sentensi hiyo sina. Nina habari ya watu wawili waliofanya kazi chini ya paa moja bila kutazamana, na mengi ninayoamini kuhusu kuongoza watu niliyapata kwao. Nitakueleza polepole, na panapohitaji maelezo nitasimama.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kukausha maembe. Ushirika mmoja wa wakulima huku Makueni ulikuwa na jengo refu la mabati, nami niliajiriwa kuwa meneja wake. Maembe yalikuja kwa pikapu na kwa mikokoteni ya punda. Yalioshwa, yakamenywa, yakakatwa vipande vyembamba, yakapangwa kwenye trei za waya, halafu yakaingizwa katika vyumba vya kukaushia vilivyokuwa nyuma ya jengo. Msimu ukishika kasi, harufu ya maembe hukukaa hadi kwenye nywele. Unaenda kanisani Jumapili, na jirani yako kwenye benchi anajua unafanya kazi wapi kabla hujafungua mdomo.

Mimi ni mtu wa Migwani, upande wa Kitui, kwa hiyo sikuwa mgeni wa lugha wala wa watu. Lakini nilikuja na kitu kipya mkononi. Kabla ya kuanza kazi nilikuwa nimehudhuria semina ya uongozi, na mkufunzi alitueleza kwamba mahali pa kazi penye afya huianza siku kwa duara. Watu wote wasimame, kuanzia meneja hadi mfagiaji, watazamane usoni, na kila mmoja aseme jambo moja: ameamkaje, au kuna nini kinachomsumbua kazini. Nililipenda wazo hilo. Bado nalipenda. Niliandika kwa kalamu nene kwenye karatasi ya manila, "Hapa tunatazamana, tunasemezana," nikaibandika ukutani karibu na beseni la kunawia mikono.

Asubuhi za kwanza zilikuwa ngumu. Watu walisimama wakitazama viatu vyao, kila mmoja akasema ameamka salama, na duara likaisha kabla maji ya chai hayajachemka. Aliyeliokoa alikuwa mama mmoja wa makamo, kiongozi wa meza ya kukata. Alikuwa mwembamba, hana haraka, na alikuwa na kisu chake mwenyewe ambacho mpini wake aliufunga kwa ukanda wa mpira wa tyubu ya baiskeli ili usiteleze. Zamu yake ilipofika siku hiyo, alisema kwamba ameamka akakuta kuku amelala ndani ya sufuria ya muthokoi, juu ya mahindi na maharagwe yake ya jana, na sasa hajui kama jioni atapika muthokoi au atapika kuku. Watu wakacheka. Aliyefuata akasema yake, na aliyefuata akasema yake. Tangu siku hiyo duara likawa duara. Alikuwa na kipawa hicho, cha kusema jambo dogo na kuwafanya wengine waone kwamba hata yao madogo yanafaa kusemwa. Wasichana wapya walipoletwa, niliwaweka mezani kwake bila kufikiri mara mbili. Hakuwahi kumkaripia yeyote. Aliushika mkono wa msichana na kisu chake, wakakata embe moja pamoja, akauachilia.

Kisha msimamizi wetu akaacha kazi akaenda Malili kufungua duka la vipuri vya pikipiki. Tulihitaji mwingine. Kazi ya msimamizi ni kuzunguka: anatoka kwenye maembe yanayooshwa, anapita meza ya kukata, anaangalia trei, anaingia vyumba vya kukaushia, anarudi. Kazi yote inamtegemea aone kilichoharibika mapema na aseme mapema. Nikawauliza wafanyakazi wanamtaka nani. Wengi wakamtaja kijana mmoja wa vyumba vya nyuma, mpole, mwangalifu, anayejua kwa kugusa tu kama kipande cha embe kimekauka au kinadanganya. Mimi pia nilikuwa nimemwona hivyo. Nilipomwuliza, aliinamisha kichwa akasema angeomba aende nyumbani kwanza. Kesho yake akarudi, akakubali, na uso wake haukuwa uso wa mtu aliyepandishwa cheo. Nilidhani ni unyenyekevu.

Kutoka wiki hiyo, mama wa meza ya kukata hakuonekana tena kwenye duara. Kila asubuhi alikuwa na jambo. Leo anaosha visu huko nje, kesho amekwenda kuchota maji ya kuoshea, kesho kutwa leso yake imeshikwa na seng'enge mlangoni. Alifika duara likishaisha, akasalimia kila mtu, akaketi. Nilimkumbusha kwa upole. Akaniambia, "Nimesikia, Madam," na kesho yake ikawa vilevile. Duara nalo likaanza kurudi kwenye viatu.

Kazi pia ikaanza kuyumba. Mezani kwake kulikuwa na msichana mpya aliyekata vipande vinene. Kipande kinene ni hatari kwa sababu hukauka nje, ndani kikabaki kibichi, na baada ya siku chache kinaota ukungu ndani ya pakiti. Msimamizi aliviona vile vipande, nami nilimwona akiviona. Lakini hakusema neno. Aligeuka, akatoka, akazunguka jengo zima juani, akaingia kwa mlango wa nyuma, akamwambia mtu wa trei, naye amwambie mtu mwingine. Ujumbe ulipofika mezani, trei zilikuwa zimeshaingia ndani. Tukatupa maembe mengi mazuri siku hiyo. Mbuzi wa jirani walifurahi.

Nilihitimisha kwamba wamekosana. Ungekuwa wewe ungehitimisha nini? Mama anamkwepa msimamizi, msimamizi anamkwepa mama, na kila mmoja ana uso wa mtu anayebeba kitu. Semina ilikuwa imetupa dawa ya jambo kama hilo: waite wawili hao ofisini, waketi uso kwa uso, kila mmoja amweleze mwenzake anachohisi, na wewe ukae katikati. Nikapanga niwaite.

Kabla sijawaita, mama akaja mwenyewe. Alisimama mlangoni pa ofisi akifuta mikono kwa aproni. Alisema miguu yake imekataa, kusimama kutwa kumekuwa kugumu, na kwamba Ijumaa ingekuwa siku yake ya mwisho. Alinishukuru. Alisema msichana wa vipande vinene atakuwa mkataji mzuri sana akipewa muda, nisimwondoe. Nilimtazama miguu. Mama huyo alitembea kuja kazini kila siku kutoka ng'ambo ya mto usio na maji, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumpita njiani. Nikajua si miguu, lakini sikujua ni nini. Sikumbishia. Mtu akikupa sababu isiyo ya kweli kwa upole namna ile, anakuomba usivunje mlango. Nilimwambia tu kwamba nimesikia, na kwamba Ijumaa bado iko mbele.

Hapo ndipo jambo lilipokuwa, nawe lishike hivyo: Ijumaa ikifika tungempoteza mtu aliyekuwa moyo wa jengo lile, na hakuna aliyekuwa tayari kusema kwa nini.

Nililitambua mchana wa siku iliyofuata, na nililitambua kwa sikio. Nilikuwa nimesimama karibu na beseni la kunawia. Msimamizi alikuwa anakuja kutoka nje, na kabla ya kufika mlangoni alikohoa. Hakikuwa kikohozi cha kifua. Kilikuwa kikohozi cha adabu, kifupi, cha mtu anayetuma sauti yake imtangulie. Mle ndani mama akaweka kisu chini, akavuta leso kichwani, akachukua ndoo iliyokuwa haina haja ya kuchukuliwa, akatoka kwa mlango wa pili. Hakukimbia. Kijana alingoja kidogo, akaingia. Ilikuwa kama watu waliofanya mazoezi pamoja, ila walifanya ili wasikutane.

Mwili wangu ulikijua kikohozi kile kabla ya akili. Kilikuwa kikohozi cha baba yangu.

Nisimame hapa nikueleze. Sisi Wakamba tuna heshima fulani yenye haya ndani yake, tunaiita nthoni, na kali zaidi ni ile iliyo kati ya mwanamume na mama aliyemzaa mke wake. Katika nyumba zinazoishika, hawaketi pamoja, hawali pamoja, hawashikani mikono. Wakikutana njiani mmoja huchepuka. Nyumba nyingi siku hizi zimeilegeza, hasa watu wa kanisa na watu wa mjini, na utamkuta mkwe anaketi na mama mkwe wake wakitazama televisheni. Lakini zipo nyumba zinazoishika bado, na hazitangazi.

Kwetu ilishikwa. Tulipokwenda kwa susu, ndiye nyanya yangu aliyemzaa mama, mama na sisi watoto tulitangulia kuingia. Baba alibaki kwenye ua wa miti ya minyaa, akakohoa. Susu akisikia, aliingia jikoni. Baba akapelekewa kiti chini ya ukingo wa nyumba, upande usiotazama jikoni. Kati yao palikuwa na ukuta mmoja wa matofali, na kila mmoja alimsikia mwenzake vizuri kabisa. Lakini nilitumwa mimi. Susu aliniambia, "Mwulize baba yako kama mvua imefika kwenu." Nikazunguka nikamwuliza. Baba akajibu, "Mwambie susu yako imefika, mbaazi zimetoka vizuri." Nikarudi. Nilimkuta susu ameshaanza kutabasamu kwa habari ya mbaazi, naye alingoja niiseme yote, akaitikia kama ni mpya.

Nilipokuwa mdogo niliona ni mchezo. Nilipokua nikaona ni kitu kingine. Baba hakuwahi kumtazama susu usoni, lakini paa la susu halikuwahi kuvuja. Alikuwa akiuliza siku ya soko, susu akienda sokoni yeye anapanda juu ya paa na nyundo, na susu akirudi anakuta bati limepigwa na hakuna mtu. Siku hiyo sufuria ya kuku ilitumwa kwetu bila neno. Susu alipougua mwisho wake, baba ndiye aliyetafuta gari la kumpeleka hospitali, akaketi mbele na dereva, akitazama barabara tu, njia nzima. Susu alimwambia mama yangu, "Huyo mwanamume wako ni mtu." Mama alilia akitueleza. Kwa watu wale wawili, kutotazamana kulikuwa ndiyo namna yao ya kupendana, na sijaona watu walioheshimiana kuliko wao.

Basi nikasimama pale karibu na beseni, chini ya karatasi yangu inayosema hapa tunatazamana, na nikashukuru kwamba sikuwa nimewaketisha wale wawili ofisini uso kwa uso.

Nilimtafuta msimamizi kwanza. Nilimkuta nyuma ya jengo, kwenye lundo la kokwa na maganda, akifukuza mbuzi bila bidii. Nilimwuliza tu kama kwa wakwe zake kuna mtu aliye miongoni mwetu. Aliacha kufukuza mbuzi. Kisha akanieleza: alimwoa binti ya yule mama baada ya msimu uliopita. Alipokuwa vyumba vya nyuma hawakuwa na shida, mmoja anaingia kwa lango la mbele, mwingine kwa lango la nyuma, na maembe yanapita katikati; hata wakati wa duara yeye alikuwa huko nyuma akitoa trei za usiku. Alipopewa usimamizi alikwenda nyumbani kumwuliza mke wake. Mke wake alimwuliza mama yake. Jibu lililorudi kwa mkwe lilikuwa moja: achukue, ni riziki ya watoto watakaozaliwa, yeye atajua la kufanya.

"La kufanya lenyewe ndilo hilo, Madam," akasema. "Anaondoka yeye. Nitairudisha hii kazi leo. Mama yule akitoka hapa kwa sababu yangu, hata nyumbani nitaingia kwa mlango gani?"

Nilimwomba asirudishe kitu chochote mpaka nimwambie.

Mama nilikwenda kuketi naye wakati wa kuchagua maembe, wengine wakiwa wamekwenda kunywa uji. Nilichukua embe, naye akachukua embe. Nikamwambia habari za baba yangu na ule ua wa minyaa na kikohozi. Sikuuliza kitu. Alisikiliza mpaka mwisho, akaweka embe lililoiva upande wake, akasema, "Kumbe wewe ni mtoto wa nyumba."

Halafu akasema yaliyokuwa moyoni, na maneno yale nimeyabeba kila nilikofanya kazi tangu hapo. Alisema anajua kanisani wanaambiwa wasalimiane wote. "Mimi nawasalimia wote. Yeye namsalimia kwa kuondoka." Akasema wengine humwambia hayo ni mambo ya zamani, ayaache. Lakini ana binti mmoja tu, naye amempeleka kwa watu. "Nikimzoea yule kama hawa ninaokata nao maembe, siku akimkosea mtoto wangu, neno langu litakuwa na uzito gani? Ataniona mwenzake wa kazi. Hii haya ndiyo mali niliyomwekea binti yangu."

Nilimwuliza swali moja ambalo hakuna semina iliyonifundisha. Nilimwuliza, "Ungebaki, mama, ingekuwa namna gani?" Sikumpa majibu ya kuchagua. Nikaendelea kuchagua maembe.

Alichagua maembe mengine matatu kwanza. Kisha akaelekeza kidevu kwenye meza yake. Meza ile ilikuwa imewekwa ikitazama mlango, ili wakataji wamwone kila anayeingia. Akasema, "Nikisikia bila kuonekana, nafanya kazi vizuri tu."

Alhamisi tuligeuza meza. Sikuitisha mkutano. Nilisema tu kwamba meza ya kukata itatazama dirisha kuanzia leo, kuna mwanga zaidi, na ni kweli kulikuwa na mwanga zaidi. Watu waliacha kazi zao wakaja kushika pembe. Hakuna aliyeuliza kwa nini, wala hakuna aliyehitaji kuuliza. Wote walijua tangu mwanzo. Baadaye niliwauliza mbona hawakunieleza, wakashangaa. Mimi ni wa Migwani, walidhani najua. Na jambo kama lile, walisema, ukilitaja ovyo umelivunjia heshima. Sasa wakataji walikuwa wameupa mlango mgongo, mbele yao dirisha, na nje ya dirisha miembe.

Karatasi ya manila niliibandua siku hiyo. Duara nalo tulilibadilisha. Badala ya kusimama na kutazamana, tuliketi mahali petu pa kazi, mikono ikimenya, kila mmoja akasema lake kutoka hapo alipo. Nilikuwa nikifikiri macho ndiyo yaliyofanya duara lifae. Nikagundua ni masikio. Watu wengine wenye haya zao, ambao hawakuwa wakwe wa mtu, walianza kusema zaidi kuliko zamani.

Lilibaki neno la marekebisho. Msimamizi angemwambiaje mama mkwe wake kwamba vipande ni vinene? Hapo jirani wa mama mezani, mjane mwenye sauti ya kuita mbuzi kutoka kilima cha pili, akajitolea bila kuombwa. Alisema kuanzia leo yeye ni simu, tena simu isiyomaliza chaji. Msimamizi angesimama mlangoni, akohoe, aseme na mjane: mwambie vipande vya upande wa kulia vimeanza kunenepa. Mjane angemgeukia mama aliyekuwa karibu naye kiasi cha kugusana viwiko, na kumtangazia kana kwamba yuko Mtito Andei: "Anasema vya kulia vimenenepa." Mama angejibu kwa sauti ya chini, akitazama miembe, mwambie nimesikia. Na mjane: "Anasema amesikia." Jengo zima lilikuwa limesikia mara mbili.

Kijana mmoja wa kuosha maembe alishindwa kuvumilia siku moja, akauliza kwani hawa wamekosana, si waongee tu moja kwa moja. Mjane hakugeuka hata. "Wewe oa kwanza," akamwambia. "Tukuone ukimsalimia mama mkwe 'niaje'." Watu walicheka hadi mtu akaangusha trei, na nikaona mabega ya mama yakicheka pia, na mlangoni msimamizi alikuwa amefunika mdomo kwa kofia.

Lakini hiyo ilikuwa baadaye. Ijumaa ile bado ilikuwa haijulikani. Mama alifanya kazi kutwa mbele ya dirisha. Jioni alikiosha kisu chake, akakikausha kwa kitambaa, akakifunga, akakiweka ndani ya kiondo, kama mtu anayeondoka. Hakuniambia kitu nami sikumfuata. Ukishamfungulia mtu njia, humsukumi apite. Nilikwenda Migwani mwisho wa wiki nikaketi kanisani bila kusikia mahubiri.

Jumatatu nilifika mapema. Kisu chenye mpini wa mpira kilikuwa mezani, na yeye alikuwa nje akichota maji. Aliponiona aliuliza kama mvua imefika kwetu.

Trei zetu zilitulia. Msichana wa vipande vinene akawa mkataji mzuri, kama alivyosema. Ningeweza kuishia hapo, lakini kuna asubuhi moja ya msimu uliofuata ambayo sitaki uikose, kwa sababu ndiyo iliyonionyesha tulikuwa tumejenga nini.

Msimamizi alichelewa, jambo ambalo si lake. Duara letu lilikuwa limeshaanza. Tukasikia kikohozi mlangoni, lakini kilikuwa kimepasuka katikati. Alisimama pale na shati la jana. Akamwambia mjane, "Mwambie ameshajifungua salama. Wote wawili wazima. Ni msichana."

Tuligeuka sote kumtazama mjane, tukingoja aseme kwa ile sauti yake. Macho yake yalikuwa yamejaa. Kwa mara ya kwanza simu yetu ilikosa la kusema. Mama alikuwa ametazama miembe, mgongo wake kwetu, kisu kimesimama juu ya embe. Tulimwona akivuta leso, akajifuta uso, akashusha mkono.

"Mwambie asante," akasema, na ilisikika mpaka mlangoni bila msaada. "Mwambie aende akapate uji, amekesha."

Msimamizi akainamisha kichwa kwa mgongo ule uliokuwa haumwoni, akabaki hivyo kidogo, akaenda kutafuta uji. Mama akakata lile embe. Mjane akaanzisha wimbo wa kanisani, nasi tukaupokea kila mmoja kutoka pale alipokuwa ameketi.

Kwa hiyo vijana wakiniuliza falsafa yangu, huwaambia kwamba kila mtu unayemwongoza amekuja kazini na nyumba yake nzima mgongoni, na kuna mambo ya nyumba hiyo ambayo hatakueleza na si lazima akueleze. Wewe huhitaji kuyajua yote. Unahitaji kupanga kazi ili neno lako limfikie bila kumwangusha. Kwa mmoja itakuwa ana kwa ana, tena anataka uso wako. Kwa mwingine itakuwa kando, au kupitia kwa mtu anayemwamini, au baada ya wengine kuondoka. Hilo ni sehemu ya kazi yenyewe, kama vile kukata kipande chembamba ni sehemu ya kukausha. Na linawezekana. Sikuwa na akili nyingi kuliko wewe nilipolijifunza. Nilikuwa na baba aliyekohoa, na mama mmoja aliyekubali kujibu swali.

Kesho ukifika kazini, mchague mtu mmoja unayetaka kumrekebisha. Kabla ya kumwambia lolote, mwulize angependa uwe ukimwambia mambo kama hayo wapi na mbele ya nani. Kisha nyamaza, endelea na kazi ya mikono, na ungoje ajibu.